MWALIMU WA KIINGEREZA: TUMDAI NINI, TUMPE NINI?



Kuna neno moja ambalo tunalisema chini chini kila siku, nyumbani, sokoni na mbele ya lango la kampani, lakini hatulisemi wazi. Neno lenyewe ni hili: watoto wetu wanasoma Kiingereza miaka mingi katika sekondari, kisha wanatoka bila kukijua.

Baba anasema: kosa ni la mtoto, ni mvivu. Mtoto anasema: kosa ni la mwalimu, yeye mwenyewe hakijui. Mwalimu anasema: kosa ni la serkali, hainipi mshahara wa kutosha wala vitabu. Serkali inanyamaza. Basi kosa linazunguka kama mpira, na kila mtu anaupiga teke uende kwa mwenzake. Leo tunataka kuushika mpira huu mkononi na kuutazama vizuri. Hatuandiki kwa kumchokoza mtu. Tunaandika juu ya watoto wetu.

Tazameni kijana mmoja, kama wale munaowajua ninyi wenyewe huko Kolwezi, Likasi au Lubumbashi. Ana diploma ya serkali. Karatasi yake ya masomo inaonyesha alama nzuri za Kiingereza. Baba yake alilipa kila mwaka, na miaka mingine alikopa ili alipe. Kijana anaenda kuomba kazi ya migodi. Mbele ya meza anakaa mgeni, naye anamwuliza kwa Kiingereza swali dogo tu: ulifanya kazi gani zamani, na unajua mashini gani? Kijana anabaki kimya. Ukimwambia ataje vitenzi vya Kiingereza kwa moyo, anavitaja vyote, kimoja baada ya kingine, kama mtu anayesali rozari. Lakini swali la mtu mzima mbele yake halifahamu. Anarudi nyumbani na diploma yake katika bahasha. Kazi inapewa mwingine aliyetoka upande wa Zambia. Huyu wa Zambia hakumshinda kwa akili. Alimshinda kwa kitu kimoja tu: yeye alifundishwa na mwalimu aliyesema Kiingereza, na wetu alifundishwa na mwalimu aliyeandika Kiingereza ubaoni.

Hapo ndipo penye ugonjwa, ndugu. Tusiuguse juu juu.

KIINGEREZA KINATUHUSU NINI?

Wengine watasema: sisi tuna Kiswahili chetu, tuna Kifaransa cha serkali, tuna lugha za babu zetu. Kiingereza ni cha nini tena? Swali hili ni la haki, na tunalijibu.

Inchi yetu inapakana na inchi 9. Katika 6 kati yao, yaani Zambia, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi na Sudani ya Kusini, Kiingereza ni lugha ya serkali au mojawapo ya lugha za serkali. Mwaka 2022 inchi yetu iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mikutano mingi ya Jumuiya hiyo na karatasi zake nyingi ni kwa Kiingereza. Katika shirika la inchi za kusini mwa Afrika, ambamo tuko tangu miaka ya mwisho ya 1990, ni vilevile.

Tena tazameni shaba na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inatoka katika udongo huu tunaokanyaga. Lakini kampani kubwa zinazoichimba zinawaandikia wenye hisa wao wa London, Toronto au Hong Kong kwa Kiingereza. Hesabu za mwaka zinatoka kwa Kiingereza. Kitabu cha mashini ni cha Kiingereza. Mali inatoka chini ya miguu yetu, na habari za mali hiyo zinaandikwa kwa lugha ambayo watoto wetu wanaisoma bila kuifahamu. Mtu akihesabu feza yako kwa lugha usiyoijua, utajuaje kama amehesabu sawasawa?

Wala lugha hii si mgeni wa jana katika mji wetu. Reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910 ilitoka kusini, upande wa Waingereza. Miaka ile ya kwanza, wafanyakazi wengi wa migodi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kiingereza kilisikika katika mji huu mpaka wakubwa wa Kibelgiji wakaogopa kwamba Katanga itageuka kuwa ya Waingereza, wakafanya bidii kukifukuza. Babu zetu walikiokota kazini bila diploma. Wajukuu wao wana diploma na hawana lugha.

Hatusemi kwamba Kiingereza ni lugha bora kupita nyingine. Kiingereza ni chombo, kama nyundo au patasi. Mtu haabudu nyundo. Lakini fundi asiye na nyundo anakaa na kutazama wenzake wakijenga.

KOSA DOGO LA DARASANI, KOSA KUBWA LA KAZINI

Labda mutasema: mwalimu akikosea neno moja mbili, kuna hasara gani? Sisi watu wa migodi tunajua jibu kuliko watu wote. Tuchukue mifano mitatu.

Mfano wa kwanza. Kwa Kiingereza 15 ni "fifteen" na 50 ni "fifty". Katika neno la kwanza nguvu ya sauti inaangukia mwisho. Katika neno la pili inaangukia mwanzo. Mwalimu ambaye hajapata kusikia Kiingereza cha kweli anayasoma yote mawili kwa sauti moja, kwa namna ya Kifaransa, na watoto 50 wanamfuata. Miaka mitano baadaye mmoja wao yuko shimoni, na redio inasema kwamba mwamba utapasuliwa kwa baruti baada ya dakika "fifteen". Yeye anasikia 50. Anaona ana wakati wa kutosha kukusanya vyombo vyake. Ndugu, dakika 35 zilizo kati ya maneno haya mawili ni maisha ya mtu.

Mfano wa pili. Kuna "must not" na kuna "need not". Ya kwanza maana yake ni marufuku. Ya pili maana yake ni kwamba si lazima, fanya ukitaka. Katika Kiswahili chetu, tukisema "hupashwi kuingia", maana zote mbili zinaweza kukaa ndani ya neno moja, nasi tunajua ipi kwa kutazama uso wa msemaji. Mwalimu asiyeiona tofauti hii hawezi kumwonyesha mtoto. Atasema tu: zote mbili ni "hupashwi". Halafu mtu mzima anakuta kibao mbele ya chumba cha umeme na kufikiri kwamba kinampa ruhusa ya kuchagua.

Mfano wa tatu ni wa feza. Kuna neno la Kiingereza "eventually". Linafanana na neno la Kifaransa "éventuellement" kama mapacha. Lakini la Kifaransa maana yake ni labda, ikitokea. Na la Kiingereza maana yake ni mwishowe, hakika itakuwa. Karatasi ikisema kwa Kiingereza kwamba malipo yatatolewa "eventually", hiyo ni ahadi. Yule aliyefundishwa Kiingereza kwa mlango wa Kifaransa anasoma "labda", anakunja karatasi, na hadai haki yake. Hakuna mtu aliyemdanganya. Alidanganywa na somo.

Sasa tufanye hesabu ya mfano. Mwalimu mmoja ana madarasa manne, kila darasa watoto 50. Hao ni watoto 200 kwa mwaka. Akifundisha miaka 30, tukihesabu wapya kila mwaka, ni watoto 6,000. Kosa lake moja linaingia katika vichwa 6,000. Tena katika hao, wengine watakuwa walimu wa Kiingereza, nao watalipanda kosa lilelile katika mashamba yao. Ndiyo sababu tunasema: ujuzi wa mwalimu si neno la mwalimu peke yake. Ni neno la mji mzima.

JE, MWALIMU ALIPATA WAPI KIINGEREZA CHAKE?

Hapa tusimame kidogo, tusimtupie mtu mawe. Hakuna mtu anayeweza kuchota maji katika mtungi usiotiwa maji. Tuulize mtungi huu ulitiwa nini.

Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru, Wakongomani waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno. Wabelgiji walitufundisha kusoma, kuhesabu na kutii. Sekondari na vyuo walivichelewesha mpaka dakika ya mwisho. Walipoondoka, masomo ya sekondari yalibaki bila walimu. Ikabidi kuleta walimu kutoka nje, wengine kwa msaada wa UNESCO, na wengi walikuwa ndugu zetu weusi wa Haiti. Mwaka 1961 chuo cha kufundisha walimu wa sekondari kilianzishwa huko Léopoldville. Baadaye vyuo vya namna hii vilienea mikoani, na mwaka 1971 kitivo cha lugha cha chuo kikuu cha taifa kikawekwa hapa Lubumbashi.

Katika Kiingereza, msaada mkubwa ulikuwa wa vijana wa Marekani walioitwa Peace Corps. Walikuwa katika inchi yetu tangu mwaka 1970, na wengi wao walifundisha Kiingereza katika sekondari, hata za vijiji vya mbali. Wazee wanawakumbuka. Mwanafunzi alisikia Kiingereza kinasemwa, akakosea, akasahihishwa, akacheka, akasema tena. Mwezi wa Septemba 1991 askari walipora miji, wageni wakakimbia, na vijana wale wakaondoka. Hakuna aliyewaza nani atashika nafasi yao katika sikio la mtoto.

Miaka hiyohiyo mshahara wa mwalimu ulikufa. Walimu waligoma, masomo yakasimama, na wazazi wakaanza kulipa mwalimu wenyewe ili madarasa yafunguliwe. Mwaka 2019 serkali ilitangaza kwamba elimu ya msingi katika masomo ya serkali haitalipiwa tena. Hilo ni jambo jema. Lakini sekondari, ambako Kiingereza kinafundishwa, mzazi anaendelea kulipa. Na katika inchi nzima kuna walimu wanaoingia darasani kila asubuhi bila jina lao kuwa katika orodha ya mishahara. Wanaitwa kwa Kifaransa "nouvelles unités", watu wapya, na wengine wamekuwa wapya kwa miaka mingi.

Basi mwalimu wetu wa Kiingereza wa leo ni nani? Ni mtu aliyefundishwa na mtu ambaye naye alifundishwa kwa ubao. Chuoni alisoma sarufi, akasoma vitabu vya waandishi wa Kiingereza, akaandika kazi yake ya mwisho kwa Kiingereza. Ana akili, ana bidii. Lakini hakupata mahali pa kusema. Baada ya masomo anauza kadi za simu au analima shamba ili watoto wake wale. Pengine ni mwalimu wa historia au wa jeografia, na mkuu wa shule alimwambia: mwenzako ameondoka, chukua na Kiingereza pia, saa zijae. Anaingia mbele ya watoto 60. Anaandika kanuni ubaoni. Anaieleza kwa Kifaransa, na pale Kifaransa kinaposhindwa anaieleza kwa Kiswahili. Watoto wananakili. Kengele inalia. Katika saa nzima, Kiingereza kimeandikwa, lakini hakuna mtu aliyekisema.

Tena mtihani wa serkali unamlinda katika mazoea haya. Mtoto anatia alama kwenye jibu moja kati ya majibu yaliyochapwa. Hakuna anayemwuliza: haya, sema. Mwalimu ana haki ya kufikiri: kama mtihani hauna ulimi, kwa nini mimi nihangaike na ulimi? Maji hufuata mkondo.

TUANGALIE KWA WENGINE

Tusifikiri ni sisi tu. Shida hii imeshika inchi nyingi, hata zenye feza kutupita.

Malaysia, inchi iliyotawaliwa na Waingereza, iliwapima walimu wake wa Kiingereza. Mwaka 2013 waziri wa elimu alisema mbele ya watu kwamba katika walimu 70,000 hivi, karibu theluthi mbili hawakufikia kiasi kilichotakiwa. Ilikuwa aibu, lakini hawakuificha. Maelfu walitiwa katika mafunzo ya mwaka mmoja, huku wakiendelea na kazi yao.

Vietnam mwaka 2008 iliandika mpango mkubwa wa lugha za kigeni mpaka mwaka 2020. Ilichukua ngazi za Ulaya, zile sita zilizotolewa mwaka 2001, zinazoanza na A1 na kuishia C2, ikasema mwalimu wa sekondari ya juu apashwa kufika C1, ngazi ya tano. Walipowapima, wengi sana walikuwa chini. Mwaka 2016 waziri alikiri bungeni kwamba shabaha haitapatikana, na mpango ukasogezwa mpaka 2025. Somo lake ni rahisi: kuandika ngazi juu ya karatasi hakumpandishi mtu hata kipandio kimoja.

Jirani zetu wa Rwanda walifanya jambo la haraka zaidi. Mwezi wa Oktoba 2008 serkali yao iliamua kwamba masomo yote yafundishwe kwa Kiingereza, mahali pa Kifaransa. Uchunguzi wa British Council wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba katika walimu wa sekondari, 66 kwa mia walikuwa na Kiingereza cha kuanza tu au kilicho chini ya kadiri. Mwalimu wa hesabu aliyejua hesabu vizuri aliamka asubuhi moja akiwa bubu. Kwetu pia kuna watu wanaosema: tufanye kama wao, tubadilishe lugha ya masomo yote. Sisi tunasema: hapana. Msimpe mtu gari kabla hajajua kuendesha, tena gari lililojaa watoto.

DAWA ZISIZOPONYESHA

Kuna dawa tatu ambazo watu wanazileta, nasi hatuzikubali.

Dawa ya kwanza ni kusema: wafukuzwe wote wasiojua. Wafukuzwe, halafu nani aingie darasani? Wale walioko nje walitoka katika kiwanda kilekile. Utamfukuza mwenye makosa kumi na kumweka mwenye makosa kumi na mawili.

Dawa ya pili ni ya wenye feza. Wanapeleka watoto wao Ndola na Kitwe, au wanawatia katika shule za kulipia dola ambako kila kitu ni Kiingereza. Hatuwalaumu kwa kupenda watoto wao. Lakini tuone matunda yake: mtoto wa mkubwa atajua lugha ya mkataba, na mtoto wa mchimbaji atajua lugha ya koleo. Zamani mji huu ulikuwa na mpaka kati ya mitaa ya Wazungu na mitaa yetu. Tukinyamaza, mpaka huu utarudi, na safari hii mlinzi wake hatakuwa askari. Atakuwa lugha.

Dawa ya tatu ni kudharau Kiswahili, kumpiga mtoto akikisema darasani, kana kwamba Kiswahili kinakifukuza Kiingereza. Huo ni ujinga. Mwaka 2022 Umoja wa Afrika ulikipokea Kiswahili kuwa lugha yake ya kazi. Mwalimu mwema anaweza kutumia Kiswahili kuonyesha tofauti, kama tulivyofanya sisi hapo juu na neno "hupashwi". Ubaya ni pale maelezo yanapokula saa nzima na Kiingereza chenyewe kisipate hata dakika tano.

TUNAYOYADAI

Basi tunataka nini? Tutasema kwa utaratibu, kila mtu apate fungu lake.

Kwa serkali. Ya kwanza, kila mwalimu anayefundisha aandikwe na kulipwa. Mwenye njaa hafundishi lugha, anangoja kengele. Ya pili, walimu wa Kiingereza wapimwe kwa kusema, kusikia, kusoma na kuandika, lakini matokeo apewe mwenyewe kwa siri, wala yasitumiwe kumpunguzia mshahara. Mgonjwa hapimwi ili afungwe, hupimwa ili atibiwe. Ya tatu, katika likizo kubwa yawepo mafunzo ya kusema, yenye nauli na chakula, si hotuba za wakubwa na picha za gazeti. Ya nne, mtihani wa serkali upate sehemu ya kusema, hata dakika tano kwa kila mtoto. Siku mtihani utakapopata ulimi, darasa litapata ulimi. Ya tano, mwalimu wa jeografia asilazimishwe kujaza saa za Kiingereza.

Tena tunauliza jambo moja. Kutoka Lubumbashi mpaka mpaka wa Kasumbalesa hakufiki kilometa 100. Ng'ambo yake kuna walimu Waafrika kama sisi, wanaofundisha kwa Kiingereza kila siku, na wengi wangependa kupata Kifaransa. Malori yanavuka usiku na mchana na shaba yetu. Kwa nini mwalimu mmoja wa kwetu asivuke kwa miezi mitatu, na mmoja wa kwao aje? Neno hili halitaki kungoja msaada wa Ulaya.

Kwa kampani. Zinalalamika kwamba hazipati vijana wanaojua Kiingereza. Basi zifungue vyumba vyao vya mafunzo jioni kwa walimu wa sekondari za mji, na sauti za watu wanaokijua ziwe humo. Na mpaka siku watu watakapokijua, vibao vya hatari na amri za usalama viandikwe kwa Kifaransa na kwa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 inasema katika kifungu chake cha kwanza kwamba Kifaransa ni lugha ya serkali, na inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa. Mtu asife shimoni kwa kukosa sarufi. Neno hili wajumbe wa vyama vya wafanyakazi walitie katika madai yao, wala wasiliweke chini kabisa ya karatasi.

Kwa wazazi. Musiulize tu mtoto amepata alama ngapi. Mwambieni: sema kidogo, nisikie. Hata kama ninyi hamujui Kiingereza, mutajua kama anasema au anababaika. Katika mkutano wa wazazi ulizeni mkuu wa shule: mwalimu wa Kiingereza alisomea Kiingereza? Katika darasa watoto wanakisema? Kuuliza si ujinga. Anayelipa ana haki ya kuuliza. Lakini ulizeni kwa heshima, kwa kuwa mwalimu huyo ndiye aliyebaki darasani wakati wengine wote walikimbia.

Na kwenu, ninyi walimu. Tumewatetea, nanyi mutuvumilie tukiwaambia neno. Mshahara mdogo ni sababu ya uchovu; si sababu ya kukataa kusahihishwa. Kuna mwalimu ambaye mwanafunzi aliyekulia Zambia akimwambia kwa adabu kwamba neno hili linatamkwa hivi, anamtoa nje ya darasa. Mwalimu huyu amelinda cheo chake na kupoteza somo. Yule mtoto alikuwa kitabu kilichokuja bure. Kutaneni siku ya Jumamosi, watano au kumi, kwa saa mbili, na mtu asiseme lugha nyingine. Sikilizeni habari za redio kwa Kiingereza, chache kila siku, na kuzirudia kwa sauti. Simu munazobeba mfukoni zinaweza kuwapa sauti ambazo walimu wenu hawakupata kuzisikia. Mutakosea, mutacheka, mutakosea tena. Haba na haba hujaza kibaba. Mwalimu anayejifunza mbele ya watoto wake hapungukiwi na heshima. Anawaonyesha kwamba kukosea si mwisho wa safari, na hilo ndilo somo la kwanza la kila lugha.

NENO LA MWISHO

Ndugu, wakoloni walijua jambo moja ambalo sisi tunalisahau: anayetawala masomo anatawala kesho. Kwa hiyo walipima elimu yetu kwa kijiko. Uhuru ulitupa kijiko mkononi mwetu wenyewe. Kama bado tunajipimia kidogo, tumlaumu nani?

Yule kijana mwenye diploma katika bahasha yuko nyumbani sasa. Mdogo wake wa kike ameingia sekondari mwaka huu. Kesho asubuhi, saa ya tatu, atafungua daftari lake, na mwalimu wa Kiingereza ataingia mlangoni. Mwalimu huyo akiandika ubaoni na kunyamaza, tunajua safari ya msichana huyu itaishia wapi, kwa sababu tumeiona ya kaka yake. Akifungua kinywa na kusema, na msichana akajibu, hata kwa makosa, basi kitu kimeanza.

Sentensi ile moja inadai watu wengi nyuma yake: serkali inayolipa, chuo kinachofundisha kusema, kampani inayofungua mlango, mzazi anayeuliza, na mwalimu asiyeogopa kukosea. Kila mmoja wetu ajiulize yuko wapi katika mstari huo. Sisi tumesema letu. Mkutano wa wazazi unapoitwa, nendeni, mukaseme lenu.